Ekuteri Mbili Shingoni, Kutoka Nyamugari hadi Muyinga

Tangu nirudi, kila anayepita barazani pangu hapa Nyamugari, Gitega, ananiuliza mambo mawili: ekuteri ipi ilishinda, na posa ya Mwajuma ilikwendaje. Nimejibu vipande vipande huku nikishona, na kila mtu ameondoka na kipande chake. Sasa mnabishana ninyi kwa ninyi. Naandika yote hapa kwa mpangilio.

Kwa asiyejua mwanzo wake: Mzee Rajabu wa Muyinga ni mdogo wake marehemu baba yangu, nasi tunamwita baba mdogo. Ndiye msemaji wa ukoo wetu. Wageni wanapokuja kuposa, yeye ndiye anayekaa mbele na kujibizana na msemaji wao. Mnajua mambo haya yalivyo kwetu: wageni hawasemi walichokijia, mwenyeji hujifanya hajui, na wazee wawili huviziana kwa maneno mpaka mmoja amchoshe mwenzake. Inataka akili, na inataka masikio.

Masikio ya baba mdogo yamepungua. Katika posa iliyopita alijibu swali ambalo hakuulizwa, wageni wakacheka, na tangu siku hiyo mwanawe Yusufu amekuwa akisema kwamba mzee apumzike, yeye achukue nafasi. Mzee alijibu kwamba sawa, ila siku hiyo hatatoka chumbani kwake. Anayeposwa sasa ni Mwajuma, binti wa Yusufu mwenyewe, aliyelelewa na babu huyo. Alinipigia simu na hakuzunguka: "Baba mkubwa, mi nataka babu ndiye anitoe. Tafuta namna."

Namna niliyoipata ni hii. Baadhi ya simu za siku hizi zina programu inayochukua sauti iliyo karibu na simu, ikaikuza, ikaipeleka masikioni kwa blututhi. Ukiiweka simu mbele ya msemaji, unamsikia hata ukiwa umekaa mbali naye. Nilijisomea, nikajaribu, ikafanya kazi. Zilibaki ekuteri, yaani vifaa vya kusikilizia vya kuvaa masikioni. Za waya mrefu mzee alizikataa, akisema hawezi kukaa mbele ya wakwe kama kijana wa pikipiki. Lakini zile za shingoni, zenye upinde unaolala nyuma ya shingo na nyuzi mbili fupi za kwenda masikioni, zingeweza kufichwa chini ya kola. Jirani yetu Idi, muuza vifaa vya simu, alinipa za aina mbili akaniambia nizipime njiani na kurudisha itakayoshindwa. Namshukuru hapa mwanzoni kabisa. Si kila mfanyabiashara anayekubali bidhaa yake ikasafiri na jasho la mtu mwingine.

Kwa miguu, Nyamugari hadi kwenye magari

Moja ilikuwa ya kijivu, ya plastiki ngumu. Nyingine nyeusi, ya mpira laini, na ncha zake mbili ni nene kwa sababu ndimo betri na vitufe vilimo. Nilianza safari na ya kijivu.

Mimi ni fundi cherehani, na shingo za watu nazijua kuliko nyuso zao. Kitu chochote cha kuvaa shingoni, iwe kola au mkufu, kinatakiwa kilaze uzito wake kwenye mabega, si kwenye shingo yenyewe. Ya kijivu ilikuwa inabana. Haikuumiza, lakini nilijua kila hatua kwamba ninayo, na nguo nzuri ni ile unayoisahau mwilini.

Upande wa sauti ilinidanganya kwanza. Niliweka muziki, na ngoma zilipiga kwa uzito ulionifurahisha mpaka nikakosa kusikia baiskeli iliyobeba ndizi nyuma yangu. Mwenye baiskeli alipiga kelele, akanipita akitikisa kichwa. Niliitoa kwenye sikio moja na kuendelea hivyo. Nilipobadilisha na kusikiliza taarifa ya habari, yule msomaji alisikika kana kwamba anasoma akiwa ndani ya pipa. Nikaanza kuwa na mashaka. Mzee hakuhitaji ngoma. Alihitaji maneno.

Kwenye taksi, Gitega hadi Karuzi

Tulikaa sana kwenye maegesho. Dereva wetu, Claver, alikuwa na gari na alikuwa na abiria, ila esansi, yaani petroli, alikuwa nayo kidogo, na alikuwa akisubiri mtu aliyemwahidi dumu moja. Hakutuficha. Alisema anaweza kufika Karuzi bila shaka, na baada ya hapo Mungu anajua. Hakuna aliyeshuka.

Wakati wa kusubiri nilivaa ile nyeusi. Mama mmoja aliyekuwa amekaa kando yangu, Goreti, muuza parachichi, alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Mzee, hii kitu ya presha ulinunua wapi?"

Nilimwambia si ya presha. Mnajua zile pete za shingoni zinazouzwa sokoni, zinazosemekana zina sumaku ya kutibu kila kitu. Alidhani ni hiyo. Nikamweleza kwamba hii ni ya kusikilizia.

"Bon, we ficha tu," alisema. "Wote wenye kupona wanaficha."

Alibeba mizigo kichwani miaka mingi, na shingo yake ilikuwa inamsumbua. Aliomba aijaribu. Sikuona sababu ya kukataa, na kwa kweli nilitaka kuona inavyokaa kwenye shingo isiyokuwa yangu. Niliizima, nikamvalisha. Aliifunika kwa kitambaa chake, akaegemea kiti, akafumba macho. Dumu lilifika, tukaondoka. Tulipovuka mto Ruvubu alifumbua macho na kutangaza kwamba maumivu yamepungua.

"Mama, hata haijawashwa," Claver alimwambia.

"Alors, ikiwashwa itakuwaje?"

Gari zima lilicheka, naye akacheka, lakini hakuivua hadi Karuzi. Na mimi nilijifunza kitu. Tatizo la ile nyeusi nilikuwa nimeshaligundua: ncha ya kulia ni nzito kuliko ya kushoto, na ukiinamisha kichwa inateleza upande huo na kulivuta sikio. Kwa Goreti haikuteleza hata kwenye kona, maana kitambaa kiliishika. Kwa hiyo ilihitaji nguo ya kuishikilia, na nguo ndiyo kazi yangu. Aliponirudishia alinipa parachichi mbili kama malipo ya matibabu. Nilikataa, akaziweka kwenye begi langu kwa nguvu.

Buhiga, bila esansi

Claver alisema kweli. Karuzi tulifika, na mbele kidogo, kabla ya kupita Buhiga, gari lilikohoa na kusimama. Mvua ilikuwa imeanza. Abiria wengine walikuwa karibu na kwao wakatembea. Mimi na Claver tulikimbilia kwenye nyumba ya kwanza tuliyoiona, tukasimama chini ya paa.

Mwenye nyumba alitoka na kutukaribisha kwa Kiswahili kilichonyooka. Anaitwa Eliasi, mkulima. Alikulia Tanzania ukimbizini, akarudi akiwa mtu mzima. Alituketisha, akaniuliza jina. Nilipolitaja akaongea na mkewe Rebeka kwa Kirundi upande wa nyuma, kisha akachukua mwavuli akatoka mvuani bila kusema anakwenda wapi.

Nilikaa vibaya. Nilidhani nimewaletea usumbufu, au jina langu limemchukiza. Nilimwambia Claver kwamba mvua ikipungua tuondoke. Baadaye Eliasi akarudi ameloa, akiwa na mzee mmoja aliyevaa kofia ya kitambaa, naye ameloa vilevile.

"Huyu ni jirani yetu, Mwislamu," Eliasi aliniambia. "Kuku yupo, ila sisi hatukuweza kumchinja kwa ajili yako. Nimemfuata yeye kule juu."

Nilimwambia, kwa upole kadiri nilivyoweza, kwamba ningeweza kumchinja mwenyewe. Walitazamana. Yule jirani akasema, "Mgeni hachinji," akaenda nyuma na Rebeka. Tulikula kuku na ugali wa muhogo na parachichi za Goreti, wote mezani pamoja, na sijui kama nimewahi kula chakula ambacho mtu ametembea mvuani kukitafutia uhalali kwa ajili yangu.

Usafiri haukuwepo mpaka kesho yake, kwa hiyo tulilala hapo. Kabla ya giza niliwaeleza kuhusu baba mdogo, nikaomba wanisaidie kupima. Eliasi alikaa barazani na Biblia yake ya Kiswahili, simu yangu ikiwa mezani mbele yake, nami nikaenda kusimama kwenye zizi la mbuzi, mahali ambapo kwa masikio matupu sikumsikia. Nilimwomba asome kwa sauti ya mtu mzima anayesema na mtu mzima mwenzake, asihubiri.

Kwa ya kijivu nilisikia mvua juu ya bati, nikasikia kiti kikisogea kama lori linalogeuza, na sauti ya Eliasi ikiwa chini ya vyote hivyo. Kwa nyeusi nilisikia maneno, na kabla ya kila aya nilisikia anavyovuta pumzi. Ilichelewesha sauti kidogo sana. Ukimtazama mdomo unaona maneno yanafika baada ya midomo kufumba, lakini kwa mtu asiyesikia kabisa hilo si neno. Nilirudia, nikabadilishana na Claver ili nisiwe shahidi peke yangu. Alichagua nyeusi bila kuambiwa.

Kwa hiyo jibu la swali lenu la kwanza ni hilo: nyeusi kwa kusikiliza watu, kijivu kwa kusikiliza ngoma. Idi amesharudishiwa ya kijivu.

Kwa pikipiki hadi Muyinga

Asubuhi Eliasi alinitafutia kijana wa pikipiki anayemwamini, na Claver akabaki kulinda gari lake. Rebeka alinifungia viazi vitamu vya moto kwenye jani la mgomba. Nilipotaka kuwaachia chochote, Eliasi alisema nikirudi nimsimulie mzee alisikia au hakusikia. Nimeshampigia.

Juu ya pikipiki nilipima jambo la mwisho, upepo, na naweza kusema kwamba ekuteri zote mbili hazifai kitu huko. Utasikia upepo tu. Nilizivua na kutazama vilima. Kahawa ilikuwa imechumwa karibuni, na watu walikuwa wakienda sokoni na mihogo. Nilikuwa na wasiwasi, sitaficha. Kifaa kilichofanya kazi kwenye zizi la mbuzi si lazima kifanye kazi mbele ya wakwe.

Muyinga, nyumbani kwa baba mdogo

Alinipokea mlangoni akanishika mikono yote miwili. Niliiinua ekuteri nimwonyeshe.

"Umeniletea kamba ya mbuzi?" aliuliza.

Nilimvalisha. Sikio la kulia lilitaka mpira mkubwa wa kuziba sikio, la kushoto wa kati, na haya tuliyagundua kwa kubadilisha mara kadhaa huku akilalamika kwamba namchokonoa kama daktari. Mwajuma alichukua simu akaenda nayo jikoni. Mzee alisimama katikati ya sebule, kichwa amekiinamisha. Hatukumwambia kitu. Kisha akasema, "Mwambie shangazi yake chumvi inatosha."

Jikoni walikuwa wanaongea juu ya chumvi kweli. Mwajuma alirudi mbio. Mzee alikuwa amekaa chini, na kwa muda hakutaka tuongee naye, alikuwa anasikiliza nyumba yake.

Jioni hiyo nilishona vishikizi viwili vya kitambaa chini ya kola ya koti lake, ekuteri ikapita humo na kutulia, haionekani. Yusufu alikagua, akakubali kwa shingo upande. Sharti lake lilikuwa moja: mzee akikosea mara moja tu, yeye anachukua nafasi palepale.

Siku ya posa wageni walifika kutoka Kirundo, wamevaa vizuri. Wanaume walikaa safu mbili zikitazamana, katikati meza fupi yenye vikapu vya karanga. Simu niliificha kwenye kikapu kilicho upande wao, chini ya kitambaa. Mimi nilikaa nyuma ya baba mdogo. Msemaji wao alikuwa Mzee Shabani, mwembamba, mwenye fimbo, na pembeni yake alikaa binti yake, mama wa makamo mwenye mtandio wa kijani. Niliona ajabu kidogo mwanamke kukaa safu ile, lakini kila watu wana utaratibu wao.

Mzee Shabani alianza kwa kusema wao ni wasafiri waliopotea njia, wanaomba maji tu.

Baba mdogo alisikia. Nilijua kwa mabega yake.

"Mtu mwenye kupotea njia iko na matope ku viatu," alisema. "Nyinyi viatu iko inang'aa. Nani amewaonyesha hapa?"

Watu wetu walicheka, hata Yusufu. Mzee Shabani alichelewa kujibu, kama mtu anayepima neno, kisha akasema kwamba viatu wamevifuta kwa heshima ya nyumba, maana kwa mbali waliona inawaka taa. Hapo watu wao wakacheka. Ikaendelea hivyo, moja kwa moja, vizuri kuliko nilivyothubutu kutumaini. Kisha baba mdogo akanigeukia na kuninong'oneza, na mnong'ono wa mtu asiyesikia ni mkubwa.

"Kitu yako inasema mara mbili."

Nilimuuliza mara mbili vipi.

"Mi nikisema, inanirudishia maneno yangu. Na sauti ya mwanamke."

Mwangwi sikuwa nimeupima. Nilifikiria blututhi ya simu nyingine, nikafikiria programu, nikafikiria betri. Yusufu alikuwa ameshaanza kuvuta kiti chake mbele. Ndipo nikainua macho nikaangalia kikapu, na nyuma ya kikapu nikamwona yule mama wa mtandio wa kijani. Alikuwa ameinama kwenye sikio la baba yake, na midomo yake ilikuwa inatamka polepole maneno ambayo baba mdogo alikuwa amemaliza kuyasema.

Mzee Shabani naye alikuwa hasikii.

Nilimwambia baba mdogo. Yusufu, aliyekuwa karibu, alisikia pia, akamshika mzee mkono. Akamwambia kwa sauti ya chini mambo ambayo kwenye ekuteri yasingefika, kwa hiyo ilibidi niyarudie mimi, nikiwa sitaki: kwamba ashushe sauti na kuongea haraka, binti wa Mzee Shabani hataweza kuyarudia yote, na mshindi atakuwa amejulikana mbele ya ukoo mzima. Baada ya kicheko cha posa iliyopita, hakuna ambaye angemlaumu.

Mzee akafungua kola ya koti, akatoa vipande vya masikioni kimoja kimoja, akaivuta ekuteri kutoka kwenye vishikizi vyangu na kuiinua juu mbele ya safu zote mbili.

"Mzee mwenzangu," alisema kwa sauti kubwa, "mi masikio yangu imekwisha. Hii ndiyo inanisaidia. Naona we pia iko hivyo. Nijie tukae karibu."

Yule mama alimwinamia baba yake akarudia maneno hayo, neno kwa neno, na safari hii hakunong'ona. Mzee Shabani alimsikiliza hadi mwisho. Alianza kutikisika, nikadhani amekasirika, kumbe anacheka. Alishika fimbo akasimama, baba mdogo akasimama, wakakutana mezani na kuketi bega kwa bega kwenye mkeka, mdomo wa huyu kwenye sikio la yule, kwa zamu.

Mengine hatukuyasikia. Nataka muelewe hilo, maana wengine mnataka niwaambie nani alishinda. Walikubaliana, tulitangaziwa baadaye, na ninyi mmekwisha alikwa harusini. Lakini mashindano yenyewe, ambayo watu walitoka Kirundo na Gitega kuyasikiliza, yalifanyika mbele yetu na hakuna aliyeambulia neno. Safu mbili za watu wazima ziliinama mbele, wote wakitega masikio, bure.

Ekuteri nilikuwa nimepewa niishike. Taa yake ndogo ya buluu ilikuwa bado inawaka, na simu ilikuwa palepale ndani ya kikapu, karibu na magoti yao. Nilizisikia sauti zao mkononi mwangu, nyembamba, bila kuelewa. Yusufu alinitazama, akautazama mkono wangu, akainua nyusi. Nilibonyeza kitufe na kukishikilia mpaka taa ikazima.

Nyuma ya pazia Mwajuma aliniuliza babu anasema nini. Nilimwambia ninachokiona, kwamba wanacheka.